Baba Mkwe na Kadi ya Vikorokoro

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Msomaji asidhani namficha. Kwetu Ileje mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba wa mumewe, na mimi, pamoja na shule yote niliyosoma na kompyuta zote nilizofungua na kufunga, mdomo wangu hadi leo hauwezi. Nimewahi kujaribu nikiwa peke yangu dukani, mlango umefungwa. Nilifika silabi ya kwanza nikaona aibu, nikaendelea na kazi yangu. Kwa hiyo hapa atabaki Baba Mkwe, na wanaomjua watamjua kwa kikohozi chake.

Kikohozi chenyewe hakikuwa cha kifua. Alikohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, ili kama nipo uani nachambua mchele nipate nafasi ya kuingia jikoni, au kama mikono imejaa povu la sabuni nigeuke tu niuelekee ukuta. Akiwa kwenye baiskeli alipiga kengele. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Chakula nilikiweka mezani, nikatoka, nikafunga mlango kwa kishindo, ndipo yeye akaingia kwa mlango wa pili. Miaka yote tuliyokaa ua mmoja pale Tunduma nilimjua kwa viatu, kwa kisogo, kwa pindo la suruali. Uso wake niliujua kwa picha ya harusi yetu, na hata humo alikuwa ameangalia pembeni, kwenye nguzo ya turubai.

Tunduma ni mji wa watu waliotoka kila mahali, na si wote wanaotuelewa. Jirani yangu, mama wa Kisukuma anayewapikia madereva wa malori, alikuwa akisikia kengele ya baiskeli ananiita kwa sauti ya mtaa mzima, "Shoga, ambulensi yako inakuja, kimbia!" Nilicheka naye. Kisha nikaingia jikoni nikiwa na aibu mbili kwa pamoja, moja ya kuchekwa kwa mila zetu, nyingine ya kuwa nimecheka mimi mwenyewe.

Siku nyingine kengele ilinikuta dukani. Duka langu linachapisha kadi za harusi, mabango, na kuunganisha video za sendoff. Mteja wangu siku hiyo alikuwa mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kuchukua mabango ya kanisa lao. Nikasikia kengele. Nikachutama nyuma ya meza, mkononi nimeshika risiti yake.

"Bamayo, mama!" akasema akiinama kunitafuta. "Polisi?"

"Baba mkwe," nikanong'ona.

"Aa, ni bapongoshi! Sori, bamayo, sori." Naye akageuka akaupa mlango mgongo, mwanamke wa watu ambaye hakuwa na undugu wowote na mzee yule, tukakaa hivyo mpaka baiskeli ikapita. Yeye alielewa. Wateja wa Kitanzania waliokuwa kwenye foleni ndio waliokuwa wakitazamana, na mmoja alikuwa amenisoma vizuri kwenye tangazo langu ukutani, lile lililoandikwa kwamba nina shahada.

Baba Mkwe alifanya kazi ya ubwana shamba, sehemu kubwa huko Iyula, kwenye kahawa. Alistaafu lakini kazi haikumtoka. Kila jambo alilipima kwa namna wanavyopima kahawa mbivu kabla ya kuimenya: unaitia kwenye maji, nzuri inazama, mbovu inaelea. "Tuitie kwenye maji kwanza," alikuwa akisema, iwe ni simu mpya, posa, au mgombea anayeongea redioni. Nilimsikia akilisema hilo kuhusu mchungaji mgeni, na baada ya mahubiri mama mkwe akamuuliza majibu. "Anaelea," akasema, akaomba chai.

Alikuwa mtu wa maneno machache na msimamo mwingi, mzee wa kanisa, asiyevumilia uongo hata wa mzaha. Mtu huyohuyo, kuanzia saa nne asubuhi mpaka mchana, alikuwa akicheza gemu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapeleka mizigo Zambia na Kongo, na akiondoka huwa ameondoka kweli. Mama mkwe alikuwa halali kwa wasiwasi. Baba Mkwe akasikia kwamba lipo gemu la kuendesha malori, lenye usukani na vioo na mizigo, akamwambia mwanawe kwamba anataka kuona anachokiona akiwa njiani. Mimi ndiye niliyemuundia kompyuta hiyo dukani kwa vifaa vya mtumba kutoka Nakonde, na mume wangu akaipeleka chumbani kwake kana kwamba imetoka hewani. Hakuna aliyesema ni mimi, ila kesho yake nilikuta kahawa ya kukaanga imewekwa kwenye dirisha la jikoni, imefungwa kwenye gazeti.

Barabara za gemu lile ni za Ulaya, lakini yeye alizipa majina aliyoyataka. Kilima fulani chenye misonobari kilikuwa Mpika. Daraja la chuma lilikuwa Kafue. Na kwa kuwa kule kwenye gemu hakuna mpaka wa kusumbua watu, alijiwekea wake: akifika kabla ya daraja alipaki pembeni, akazima injini, akaenda kunywa chai. Mama mkwe akipita mlangoni akauliza, alijibiwa, "Nipo foleni." Aliheshimu taa nyekundu ambazo hakuna polisi wa kuzilinda. Akigonga mtu wa kompyuta alisimama akasikitika, na siku hiyo hakuendesha tena.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Kila mchana alisimama mlangoni na taulo begani. "Amefika wapi?"

"Huyu ni mimi, mama, si yeye."

"Najua. Lakini amefika wapi?"

Mzee, kwa kuwa hasemi uongo, akasema, "Lori limevuka Mpika." Mama mkwe akashukuru, akaenda kuosha vyombo kwa amani.

Mtaani haikupokewa vizuri. Kina mama wa kwaya walikuwa wakisema mzee mzima anacheza gemu kama mtoto wa banda la mtaani, kwa nini asilime hata mchicha. Mimi nilikuwa nakohoa na kubadilisha mazungumzo. Niliona aibu kwa ajili yake, na kweli yenyewe ni kwamba mashine iliyokuwa ikimwaibisha nilikuwa nimeifunga kwa mikono yangu, skrubu kwa skrubu.

Kitu ambacho sikukielewa kwake ni mwendo wa picha. Lori aliliendesha taratibu kuliko bibi harusi, lakini picha ikikatakata alighadhibika. Alijifunza kusoma ile namba ya pembeni inayoonyesha picha ngapi zinapita kwa sekunde, na ikishuka nilimsikia kutoka jikoni akiguna. Alisema barabara ikirukaruka, macho yake yanachoka kuisubiri. Mume wangu alimtania kwamba anataka mashine ya mbio kwa ajili ya kwenda polepole. Akajibu kwamba ng'ombe hata kama anatembea pole, hutaki achechemee.

Mama mkwe alipofariki, tulipoteza zaidi ya mama. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka na kuleta maneno yote katika ua ule. Nikitaka kumuuliza Baba Mkwe kama ugali umetosha, nilimuuliza mama mkwe; akitaka kuniambia kwamba bomba linavuja, alimwambia mama mkwe. Baada ya msiba, ndugu walipokwisha kutawanyika na mume wangu kurudi barabarani, tukabaki wawili ndani ya ua mmoja, na hakuna wa kutupitishia neno.

Tukabuni mbinu. Yeye aliongea na chupa ya chai. Niliiacha mezani, nikitoka namsikia anaiambia, "Chupa, mwambie aliyekujaza kwamba tangawizi leo imemshinda." Kesho yake nilipunguza. Mimi niliongea na mlango. "Mlango, mimi naenda dukani, mboga ipo kwenye sufuria ndogo." Tulikuwa tunasikilizana vizuri tu mradi kila mmoja ajifanye haongei na mwenzake. Rafiki yangu wa chuo alinitembelea kutoka Mbeya akaniona nimepiga magoti nyuma ya mlango wa jikoni nikiuambia mlango habari za maharage. Alitazama simu yake kwa muda mrefu, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Halafu ikaja ile adhuhuri. Nilirudi kutoka dukani kuchukua waya, nikasikia injini ya lori la gemu ikinguruma chumbani kwake, bila kubadilika, kama lori lililoachwa na dereva wake. Nilijua asingeliacha likiunguruma. Yeye akipaki huzima. Nikasimama nje ya mlango wake. Nikakohoa. Nikasema, "Mlango, kuna mtu?" Kimya. Nje barabarani malori ya kweli yalikuwa kwenye foleni ya mpaka, yanapiga honi na kuachia breki za upepo. Nikasema tena kwa sauti zaidi. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa, nao haukukizungusha. Mkono huu ambao umeshika kila kitu hapa duniani ulishindwa na kitasa. Nikakimbia kumwita yule mama wa Kisukuma, akaacha sufuria yake motoni, akaingia yeye, akamkuta sakafuni kando ya kiti. Ilikuwa presha. Alipelekwa hospitali na kwa rehema ya Mungu akarudi.

Alivyorudi, siku ya kwanza kuketi mezani, nilisikia anaiambia chupa ya chai, "Mwambie kwamba nilikuwa namwitikia. Kila alipoita niliitika. Malori yalinizidi."

Sikulala vizuri baada ya maneno hayo. Mama wa Kisukuma hakunitania tena na ambulensi, na hiyo ilinichoma kuliko utani wenyewe. Nilijua sasa tatizo letu ni lipi, na si kwamba nilitaka kuivunja mila. Mzee yule angeaibika zaidi kuniona chumbani mwake kuliko kufa sakafuni, na mimi hali kadhalika. Nilitaka tu apate njia ya kuniita nikasikia.

Nikamnunulia maikrofoni ya kuvaa kichwani, nikaiacha juu ya meza na maelekezo mafupi kwa chupa ya chai. Kompyuta yake ingepiga kwenye kompyuta ya dukani, sauti tu, bila kamera. Asubuhi iliyofuata mashine yangu ikalia. Nikabonyeza. Nikasikia kikohozi, kile cha kwenye kona ya nyumba.

"Halo. Naongea na duka?"

Nikaelewa. "Ndiyo. Duka linasikia."

"Duka, mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Nyumba je?"

"Nyumba ni nzima. Mguu wa kushoto ndio unasumbua kidogo."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilikuwa Duka, yeye alikuwa Nyumba. Duka liliuliza kama Nyumba imemeza dawa. Nyumba iliuliza kama Duka limekula. Akiendesha lori lake aliniacha hewani, nikawa nasikia anasimulia: "Duka, tumeingia kwenye msitu. Mvua inanyesha." Nilijikuta nangoja mashine ilie. Mtu niliyekuwa nikimkimbia kwa miaka sasa nilikuwa najua kwamba anapenda mvua, anamwogopa daktari wa meno, na kwamba mama mkwe alipokuwa binti kule Ibaba alikuwa akimzidi kwa kupanda milima.

Ila malori. Nyumba yetu ipo karibu na barabara kuu, na maikrofoni ile ilibeba kila honi. Nusu ya maneno yake yalimezwa. "Duka, kifua..." halafu breki, halafu honi, na mimi nimesimama na funguo za duka mkononi, mpaka sauti ikarudi, "...cha kuku kilikuwa kitamu." Mara ngapi nilifunga duka nikakimbia bure, nikaishia kusimama nje ya ukuta nikimsikia anapiga mluzi.

Umeme wa Tunduma ukaleta jipya. Ulikatika ukarudi kwa nguvu, na kadi ya picha kwenye kompyuta yake ikaungua. Kadi hiyo ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye gemu. Bila hiyo lori halitembei. Mume wangu akapiga simu kutoka Ndola akasema baba achaguliwe nyingine, mpya, na anayejua ni mimi, tukaelewane.

Tukaenda kuelewana kwenye duka la vifaa la Mpemba mmoja, mtu mzima, mcheshi, ambaye ameishi Tunduma miaka mingi. Baba Mkwe aliingia ndani. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, mgongo nimeuelekeza mlangoni. Mpemba alisimama kati kwenye kizingiti na boksi kila mkono.

"Bei moja, mwanangu," akaniambia. "Hii ya kulia ni farasi, yaendesha gemu mbio, basi, haina jengine. Hii ya kushoto mbio zake za wastani, lakini ina vikorokoro vyake. Yachuja kelele ya maikrofoni, yafuta kilichopo nyuma yako, yabuni picha za katikati gemu lionekane laini, na mengine sijui hata ya kazi gani."

"Mwambie Baba achukue farasi," nikasema.

Msomaji aelewe hapo. Usiku na mchana nilikuwa nikiwaza kitu kama ile ya kushoto. Kelele ya malori kuchujwa, sauti yake ibaki peke yake, ndicho kitu nilichokitaka kuliko kadi zote za duniani. Lakini ningesemaje? Mkwe anamwambia baba wa mumewe achukue mashine ya kuongelea naye? Uso ulikuwa ukiniwaka, na hakuna aliyekuwa akiuona.

"Asema uchukue farasi," Mpemba akasema ndani.

"Nimesikia," akajibu Baba Mkwe. "Muulize sababu."

"Auliza sababu."

"Kwa sababu anapenda barabara laini. Hii nyingine itamkatia picha kwenye misitu. Vikorokoro watu wanavilipia halafu hawavitumii."

"Jamani," Mpemba akasema, "nyie mwasikizana, mie wa nini hapa kati?"

Nilisikia boksi linageuzwageuzwa. "Tuitie kwenye maji kwanza," Baba Mkwe akasema. "Ipo kahawa inayozaa mpaka matawi yanainama, lakini ugonjwa ukiingia shambani haibaki hata moja. Ipo inayozaa kiasi na inahimili. Mkulima akiniuliza, kwanza namuuliza shamba lake liko wapi. Shamba langu liko barabarani. Hizo picha za kubuni niondolee, mimi nataka barabara iliyopo, si ya kudhaniwa. Lakini hiyo ya kelele. Mwambie Duka kwamba hiyo ya kelele ndiyo naitaka."

Nilikuwa nimefumba macho pale kwenye benchi.

"Na hii nyingine hapa ubavuni ni ya nini?" akauliza.

Mpemba akasoma, akitafsiri kadiri alivyoweza. "Hii ni ya kamera. Yashika macho yako. Wewe hata ukitazama chini, mwenzio akuona wamtazama yeye, macho kwa macho."

Mpemba hakujua alichokisema. Kisha nikasikia kikohozi, na sauti ya mzee ikiwa imepungua, "Hicho hatutakitumia."

Akachukua ya vikorokoro. Niliifunga kwenye mashine yake siku ambayo alikwenda kanisani, nikazima kila kitu isipokuwa kichujio cha kelele. Kuanzia hapo sauti yake ilikuja dukani ikiwa safi kabisa. Malori yakatoweka, mpaka nikawa nasikia pumzi yake na kijiko kwenye kikombe. Niliona pia alichokipoteza. Ili gemu lisikwame ilibidi apunguze vivuli, nyasi na mvua, na siku moja nikipita dirishani, yeye akiwa uani upande wa pili, niliiona skrini yake. Milima ilikuwa mipara. Miti ilikuwa imesimama kama ya makaratasi. Mvua aliyokuwa akiipenda haikuwepo. Jioni nikauliza, "Nyumba, barabara ikoje siku hizi?"

"Kiangazi," akasema. "Ila tunafika."

Aibu niliyoiona siku hiyo ni ya mtu aliyepewa kitu kikubwa na hawezi kusema ahsante, maana kushukuru ni kukiri kwamba amepewa.

Tuliishi hivyo muda mzuri. Kisha mguu wa kushoto ukakataa kabisa, akahitaji mtu wa kumshika na kumnyanyua, na mtu huyo hakuweza kuwa mimi. Shemeji yangu, mtoto wake mkubwa, akaja kumchukua kumrudisha Ibaba, kwenye nyumba ya milimani, ambako wapo wajukuu na wanawe wa kiume. Kompyuta ikapakiwa kwenye gari imefungwa blanketi. Nilikuwa jikoni. Nilisikia akikohoa mara ya mwisho uani kwetu, kikohozi kirefu, na gari likaondoka. Nilitoka nikakuta kahawa dirishani.

Huko Ibaba mtandao ni wa kubahatisha, na simu zake zikawa za nadra. Niliambiwa na watu kwamba amekonda. Niliambiwa pia kwamba hajambo. Kisha alasiri moja, dukani hakuna mteja, mashine ikalia. Nikabonyeza nikisubiri kikohozi, na badala ya giza nililolizoea nikaona ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, na mbele yake mzee.

"Duka, usishtuke," akasema. "Nimeomba waniwekee kamera, kisha nimewatoa wote nje. Nimepungua sana. Sitaki uambiwe na watu, wengine wanatia chumvi. Nimeona ujionee mwenyewe, mara moja, niizime. Nimeinamisha macho. Natazama kibodi. Wewe nitazame kidogo, halafu ugeuke."

Alikuwa amepungua kweli. Mashavu yalikuwa yameingia, na kola ya shati ilikuwa imebaki na nafasi ya shingo nyingine. Kichwa chake alikuwa amekiinamisha, kwa adabu ile ile ya miaka yote. Lakini macho yalikuwa yananitazama.

Nilidhani nimeona vibaya. Kichwa kimeinama, na macho yameinuka, yametulia usoni mwangu, hayapepesi wala hayaendi popote. Ndipo nikakumbuka ubavu wa lile boksi. Shemeji alipoipanga upya mashine kule Ibaba alikuwa amewasha kila kinachowashwa. Mzee alikuwa akitazama kibodi yake kwa uaminifu wote, na kadi ile ilikuwa ikimchorea macho mengine, ikinipa mimi.

Nilipaswa kugeuka. Ukuta ulikuwepo, umejaa mabango ya harusi za watu. Sikugeuka. Nilimtazama baba mkwe wangu machoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikijua kwamba hayo hayakuwa macho yake hasa, nikijua pia kwamba sitapata mengine. Yalikuwa ya kahawia, na la kulia lilikuwa na ukope uliolegea kama wa mume wangu. Uso uliniwaka mpaka masikio.

"Basi, imetosha," akasema. "Umegeuka?"

Neno la kumwambia lilikuwepo, la kumweleza mashine inafanya nini. Lakini ningelisema, mzee yule angeondoka duniani akijua kwamba alimkazia macho mke wa mwanawe.

"Nimegeuka, Baba," nikasema, nikiwa nimemtazama.

Akashusha pumzi. Hakuniita Duka tena.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na macho yale hayakunitoka. "Wewe ulilelewa."